Fundo la kushoto linafyatuka, bolti inakatika: nianzie wapi kabla ya msimu?

*"Nina beila ndogo, mashine ya kufunga nyasi, ya marobota ya pembe nne, niliinunua ikiwa imeshatumika. Msimu uliopita ilinitesa. Kamba ya kulia inafunga vizuri, lakini ya kushoto, kila marobota matano au sita moja linatoka limefumuka. Bolti ya flaiwili nayo ilikuwa inakatika ovyo, siku moja ilikatika mara saba. Jirani yangu kanishauri niweke bolti ngumu zaidi na nikaze springi zote za kipiga fundo. Baada ya msimu niliiegesha bandani vilevile ilivyotoka shambani, na sasa zimebaki kama wiki sita nianze kukata nyasi. Nifuate ushauri huo? Ninunue kipiga fundo kipya? Na kipi naweza kukifanya mwenyewe bila kuita fundi?"*

Bolti ngumu usiweke. Naanza na hilo kwa sababu ndilo pekee katika maswali yako linaloweza kukuharibia mashine kwa pigo moja. Mengine tutayazungumza taratibu. Wiki sita ni nyingi, na kazi yenyewe ukiipanga vizuri ni ya siku tatu au nne.

Wewe unaona una matatizo mawili, fundo na bolti. Mimi nashuku yana mzazi mmoja, na mzazi huyo hakai kwenye kipiga fundo. Anakaa chini yake, kwenye visu vya pistoni. Lakini kushuku si kupima, kwa hiyo nitakueleza mashine inavyofanya kazi, halafu uende bandani ukanihakikishie.

Tuanze na bolti. Trekta linazungusha shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine, mara 540 kwa dakika, na shafti hiyo inazungusha flaiwili, lile gurudumu zito la mbele. Giaboksi inapunguza mwendo, na pistoni inashindilia nyasi mara 80 hadi 100 hivi kwa dakika kutegemea mashine. Flaiwili imewekwa pale kuhifadhi nguvu, ili kila pistoni inapogonga nyasi isiwe trekta linalopigwa teke. Sasa fikiria pistoni imekwama ghafla. Ile nguvu yote iliyomo kwenye gurudumu lazima iende mahali. Bolti ya kukatika imewekwa iwe ndiyo kitu dhaifu kuliko vyote katika njia hiyo: inakatika, flaiwili inaendelea kuzunguka peke yake, na vyote vilivyo nyuma yake vinasimama salama. Ukiweka bolti ngumu, kitu dhaifu kinachofuata ni sindano ya kupitishia kamba, au mkono wa pistoni, au meno ya gia. Nimewahi kufunguliwa beila ambayo mwenyewe alichoka kubadilisha bolti akaweka iliyokuwa kwenye boksi la vipuri vya lori. Sindano zote mbili zilikuwa zimevunjika, na kipande kimoja kilikuwa kimejikunja ndani ya chumba cha kushindilia kama kijiko.

Kwa hiyo bolti inayokatika mara saba kwa siku inakuambia jambo. Jaribu kukumbuka: ilikuwa inakatika *lini*?

Kama ilikatika pale unapoingia kwenye safu nene ya nyasi, basi pistoni inazidiwa. Hapo visu ni butu, au nyasi ni mbichi, au unakwenda kasi mno. Kama ilikatika mara tu unapowasha PTO, basi ulikuwa unaiwasha injini ikiwa inanguruma, au uliacha nyasi zimeshindiliwa chumbani tangu jana, au klachi ya kuteleza, ile inayoachia mashine ikizidiwa, imeshikana kwa kutu na haitelezi tena. Kama ilikatika pale pale mashine inapofunga robota, sikiliza kwa makini, maana hilo ni jambo jingine kabisa. Sindano zikiwa zimeingia chumbani, kuna kizuizi cha chuma kinachoingia njiani kuilinda sindano isigongwe na pistoni. Kila kitu kikienda kwa wakati wake, pistoni haikigusi kizuizi hicho. Ikikigusa, bolti inakatika. Maana yake sindano zinachelewa au zinawahi: breki ya sindano imelegea, au cheni imeruka jino, au kuna mtu aliyefungua gia na kurudisha bila kufuata alama.

Na kuna sababu ya nne ambayo watu huipita. Toa bolti, angalia tundu inamokaa. Tundu likiwa limepanuka na kuwa la mviringo wa yai, bolti inacheza, na kila mpigo wa pistoni unaigonga kidogo kama nyundo. Hata bolti sahihi haitadumu humo. Tundu hilo hurekebishwa kwa kuweka bushi mpya, na bolti yenyewe iwe ya ukubwa na daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha mashine, ikazwe barabara. Bolti iliyolegea hukatika upesi kuliko iliyokazwa.

Sasa visu. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo beila nyingi za mkono wa pili zinapougulia bila mtu kujua.

Nyasi huingia chumbani kwa ubavuni. Pistoni inapokwenda mbele, kisu kilichofungwa ubavuni mwake kinapita sambamba na kisu kingine kilichofungwa kwenye ukuta wa chumba, na nyasi zinakatwa kama kwa mkasi. Ndiyo maana robota likifunguliwa huachana vipande vipande kama kurasa. Visu vikiwa vikali na karibu, pistoni inakata kisha inashindilia. Vikiwa butu au mbali, haikati tena. Inararua, inaburuta mikia ya nyasi, inazitafuna, na kila mpigo unakula nguvu ambayo haikupangiwa. Bolti zako hizo.

Na fundo? Nyasi zisizokatika hujikunja upande mmoja, robota linajaa ubavu mmoja kuliko mwingine. Kamba ya upande uliojaa inavutwa sana, na inavutwa wakati ule ule ambapo kipiga fundo kinaishikilia ili kuifunga. Ikichomoka mkononi mwake, fundo halipo. Upande wa pili kamba inafunga vizuri, nawe unaona kama kipiga fundo kimoja ndicho kibovu.

Ushahidi utaupata kwenye marobota yenyewe, kama bado unayo ya mwaka jana. Tazama ubavu wa upande ulikoingilia nyasi. Kama umenyooka kama mkate uliokatwa, visu ni vizima. Kama una manyoya, mikia ya nyasi inaning'inia huku na huku, na robota limepinda kama ndizi, basi umeshapata jibu la nusu ya barua yako. Ingawa, kwa haki, ndizi inaweza pia kutokana na vidole vya kulishia visivyosukuma nyasi hadi ukuta wa mbali, hasa safu ikiwa nyembamba. Vidole hivyo vina matundu ya kuvisogeza, kitabu kitakuonyesha.

Kupima visu: PTO iwe imechomolewa kwenye trekta. Sisemi imezimwa, nasema imechomolewa. Zungusha flaiwili kwa mkono, kufuata mshale, hadi kisu cha pistoni kikutane na cha ukutani. Ingiza fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, katikati, juu na chini. Watengenezaji wengi wanataka nafasi ya karibu nusu milimita. Ukikuta inapita milimita 1, hakuna haja ya kubishana tena. Kabla ya kusogeza kisu, sukuma pistoni kwa mtaimbo kushoto na kulia. Ikicheza, beringi au reli inazopitia zimelika, na ukisogeza kisu bila kurekebisha hizo, pistoni itayumba siku moja na visu vitagongana. Pistoni kwanza, visu baadaye. Kunoa, noa upande ulioinama tu, ule bapa usiuguse, na usiache chuma kigeuke rangi ya buluu kwa joto la jiwe. Kisu kilichoungua hakishiki makali.

Baada ya hapo ndipo tupande juu kwenye vipiga fundo. Usinunue kipya. Kipiga fundo ni kifaa cha ajabu, wazo lake halijabadilika sana tangu John Appleby wa Wisconsin, Marekani, alipokibuni kwa mashine za kufunga mavuno miaka ya 1870, na mara nyingi kinacholaumiwa kinahitaji usafi, springi moja na kisu cha kamba kilichonolewa.

Kazi yake ni hii. Ncha moja ya kamba imeshikwa kwenye diski tangu fundo lililopita, inazunguka robota. Sindano inaleta upande wa pili kutoka chini na kuulaza juu ya ncha ya kwanza, na diski inashika zote mbili. Kijichuma chenye umbo la mdomo wa ndege kinazunguka, kinajizungushia kamba hizo, kinafungua taya na kuziuma. Kisu kinakata. Kisha mkono wa kupangusa unapita na kulisukuma fundo litoke mdomoni. Yote haya kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Ndiyo maana kamba iliyofyatuka ni barua. Usiitupe. Msimu ujao, kila robota likifumuka, okota kamba yake uitazame ncha zote mbili kabla ya kushika spana.

Fundo lipo kwenye ncha moja tu, nyingine imenyooka? Mdomo ulipata kamba moja badala ya mbili. Ama sindano haikuileta mahali pake, ama diski iliiachia kabla ya wakati. Ukiona ncha iliyoponyoka imechanika na kukwanguka, shuku diski: springi yake imelegea. Fundo lipo zuri, lakini kamba imekatika kando yake kabisa? Fundo lilikwama mdomoni na robota likalivuta kwa nguvu. Hapo taya inabana mno, au mdomo una kutu na ukwaru, au mkono wa kupangusa umepinda na haugusi mdomo. Hakuna fundo upande wowote, kamba zina alama ya kujikunja tu? Taya imelegea, haikuziuma ncha zipite kitanzini. Ncha zimechakaa kama mswaki wa mzee, moja ndefu, nyingine fupi? Kisu cha kamba ni butu. Hicho ni cha kunoa kwa tupa ndogo, dakika kumi.

Sasa unaona kwa nini ushauri wa kukaza springi zote ni hatari. Springi ya taya ikikazwa sana, fundo halitoki. Springi ya diski ikikazwa sana, diski inaikata kamba badala ya kuishika. Utakuwa umetibu ugonjwa mmoja na kuzaa miwili, na kesho yake hutakumbuka ulianzia wapi. Robo mzunguko kwa mara moja, springi moja kwa mara moja, na uandike kwenye daftari. Jirani yako ana nia njema tu.

Wewe una bahati ambayo wengi hawana: kipiga fundo chako cha kulia kinafanya kazi. Hicho ndicho mwalimu wako. Kwenye beila nyingi viwili hivyo ni pacha. Pima urefu wa springi za kulia, lete kipimo kushoto. Tazama mkono wa kupangusa wa kulia unavyokwaruza kisigino cha mdomo, linganisha na wa kushoto. Tikisa mdomo wa kulia kwa vidole, kisha wa kushoto. Wa kushoto ukicheza zaidi, bushi yake imekwisha.

Na kabla hata ya hayo, fanya jaribio ambalo halihitaji zana: badilisha mabunda ya kamba, la kushoto liende kulia. Ubovu ukihamia kulia, kipiga fundo hakina kosa, kamba ndiyo mbaya. Mimi niliwahi kupoteza nusu siku nzima juani nikirekebisha kipiga fundo cha mtu, huku wenye mashine wamesimama wananitazama, kumbe kamba ilikuwa imeruka tundu moja la kuiongozea na inapita bila kubanwa popote. Kijana wa kupanga marobota ndiye aliyeiona. Tangu siku hiyo naifuata kamba kwa kidole, kuanzia kwenye boksi hadi kwenye sindano, kila mara. Kama ulihama kutoka katani kwenda plastiki, niambie, maana plastiki inateleza na diski iliyopangwa kwa katani inaweza isiishike. Unene nao usiuchanganye: kamba nene kulia na nyembamba kushoto ni kutafuta maneno.

Uliiacha bandani vilevile ilivyo. Haya, yamepita, lakini ujue umeacha nini. Mabaki ya nyasi yananyonya unyevu na kulisha kutu, hasa mahali pale ambapo chuma kinatakiwa kuwa laini: mdomo, diski, kuta za chumba. Panya nao hupenda sana boksi la kamba. Toa uchafu wote kwa upepo wa kompresa au kwa brashi kavu. Maji ya presha usielekeze kwenye beringi. Mdomo na diski sugua kwa msasa laini hadi ving'ae na ukucha uteleze. Grisi ngumu ya zamani kwenye vipiga fundo ikwangue kwanza, ndipo upige mpya hadi ya zamani itoke yote. Nipeli, kile kichuchu cha kupigia grisi, isiyopitisha ing'oe uweke nyingine, usijidanganye kwamba imeingia. Angalia oili ya giaboksi. Ukikuta imegeuka maziwa, imeingiliwa na maji. Meno ya kuokotea yaliyovunjika yarudishie. Krosi, vile viungo vya msalaba, za shafti ya PTO zishike na uzitikise, na ala yake ya plastiki kama imepasuka badilisha. Hiyo haina mjadala, shafti hiyo inavuta nguo na mkono kabla hujasema neno.

Klachi ya kuteleza inataka aya yake. Ikikaa miezi bila kazi, sahani zake hushikana kwa kutu, na klachi iliyoshikana ni sawa na kutokuwa nayo. Pima urefu wa springi zake kwanza na uandike. Legeza nati, piga alama ya chaki kwenye sahani mbili zinazokabiliana, zuia flaiwili isizunguke, zungusha upande wa PTO hadi alama ziachane. Zikikataa kabisa, ifungue usafishe sahani. Kisha rudisha springi kwenye urefu ule ule, au ule wa kwenye kitabu kama unao.

Yote yakiwa tayari, jaribu kwa mkono kabla ya trekta. Pitisha kamba, fyatua mkono wa kufungia, zungusha flaiwili polepole huku mwenzako akitazama sindano zikipanda. Zipite katikati ya nafasi zake kwenye pistoni bila kukwaruza, na zilaze kamba kwenye diski. Mzunguko wa kwanza hauhesabiki, diski haikuwa na kitu; wa pili ndio unaoonyesha fundo. Vidole vya mtu yeyote visiwe karibu na sindano wala vipiga fundo wakati flaiwili inazunguka, hata kwa mkono. Ile ni nguvu iliyolala. Shambani ni zaidi: zima injini, ufunguo mfukoni, subiri gurudumu lisimame kabisa, ndipo uguse.

Ya kumwachia fundi ni haya. Sindano iliyopinda au yenye ufa: usiichomelee mwenyewe, umbo likihama milimita chache haitafika kwenye diski tena. Pistoni inayoyumba baada ya kubadilisha beringi, au mkono wake wenye mpasuko. Giaboksi inayonguruma, au oili yenye vumbi la chuma linalong'aa ukiipaka kwenye kiganja. Na kama bolti ilikuwa inakatika wakati wa kufunga, muda wa sindano na pistoni uangaliwe na mtu aliyewahi kuupanga, akiwa na kitabu cha mashine yako mkononi. Mwite sasa. Nyasi zikishakatwa, kila mtu anamtaka siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza shambani, endesha PTO kwenye 540 zake na punguza mwendo kwa gia ya trekta, si kwa kushusha injini. Funga nyasi zikiwa na unyevu wa asilimia 15 hadi 18 hivi. Zikipita 20 zinakuwa nzito kwa pistoni, na zaidi ya hapo zitapata joto na ukungu ghalani. Anza na springi za kubana chumba zikiwa zimelegea kidogo. Baada ya marobota kumi, simamisha kila kitu, sogeza kiganja karibu na beringi bila kuigusa uone ipi inatoa joto. Beringi ya moto katikati ya vumbi la nyasi kavu ndiyo inayochoma beila, kwa hiyo kizima moto kiwe kwenye trekta, si nyumbani. Hesabu pia vipande kwenye robota moja. Vikiwa 12 hadi 18 mwendo wako ni mzuri. Vikiwa vichache na vinene, unakwenda kasi mno na bolti italalamika tena.

Fundo la kushoto likiendelea kukusumbua baada ya visu kuwa sawa, niandikie tena, lakini usiniambie tu kwamba halifungi. Niambie fundo lilikuwa kwenye ncha ipi, ncha nyingine ilikuwa na sura gani, na ni robota la ngapi tangu uanze.